Ncha ya Mkia

3 Machi

Mama,
Hujambo huko dukani? Mimi mzima, goti tu ndilo linataka kustaafu kabla yangu. Barua nimeifunga mfukoni juu ya barafu ya samaki. Ikinuka usikunje pua, harufu hiyohiyo ndiyo iliyokusomesha.

Samaki hao ni changu arobaini, kila mmoja nimemkata ncha ya mkia, alama yetu. Wewe unajua nilivyoianza: nilivutana na chewa mkubwa kama mlango, akatoroka, nikabaki na ncha ya mkia mkononi. Mamako akibisha, mwambie hakuwepo.

Baba yako,
Nahodha wa Manahodha

5 Machi

Shikamoo Baba,
Sisi wazima. Pole na goti. Mwaka jana huyo chewa alikuwa kama meza, leo mlango. Mwakani atakuwa na madirisha.

Baba, mpishi mpya wa hoteli karudisha samaki wote. Eti mkia uliokatwa unaharibu sahani. Hoteli ndiyo mnunuzi wetu mkubwa, ikituacha tunafunga duka. Nakuomba usiwakate tena.

Binti yako

6 Machi

Mama,
Afya ipo, roho ndiyo imesusa. Kwani huyo mpishi anauza mikia? Haya. Wa leo wako kama walivyozaliwa. Kisu nimekitundika.

Baba yako,
Nahodha Asiye na Kisu

29 Machi

Shikamoo Baba,
Hujambo? Wiki tatu samaki wanafika, barua hamna. Najua umenuna.

Sasa sikia. Juzi mchuuzi mmoja kampelekea mpishi samaki waliolala, wananuka, akaapa ni wetu. Mikia mizima, nani angejua? Mpishi kanijia dukani amefura. Nikamweleza habari ya alama. Akatulia, akasema, "Basi mwambie mzee akate."

Jana nimejaribu kukata mwenyewe. Mpishi kacheka mpaka kofia ikamdondoka: "Huyu kang'atwa na panya!" Nifundishe, Baba.

Binti yako

30 Machi

Mama,
Hujambo? Goti limepona ghafla, daktari asijue.

Kukata mkia hakuandikiki. Barua hii nimepanda nayo gari la barafu, naileta mwenyewe. Kwa hiyo ukifika mstari huu, inua uso: huyo mzee anayekutazama unavyosoma ndiye mimi. Nipe kiti. Kisu nimekuchongea chako, mpini mwembamba, wa mkono wako.

Na huyo chewa niliyekuletea ndani ya sanduku, usimpime. Mwache akue.

Baba yako,
Nahodha wa Manahodha