Kijani cha Ukutani

Mwenzangu, uko? Usinipigie. Nimejifungia chooni kazini, nikifungua mdomo nitalia.

Si unaijua ile skrini ya ukutani, ninayoikodolea macho kutwa kuona kama seva zetu za wingu, zile kompyuta za mbali zinazobeba mfumo wa wateja, zinapumua? Leo ilikuwa kijani tangu asubuhi, yaani kila kitu salama. Kijani tupu! Nikanywa chai yangu kwa raha.

Kumbe tangu saa mbili wateja hawaingii kwenye mfumo. Saa tano bosi huyo, mbio. "Wewe si ndiye macho yetu? Ulikuwa unaangalia nini?"

Nikamwonyesha skrini. "Bosi, mbona kijani?" Mbele ya ofisi nzima nikasema kijani!

Fundi wa mtandao akasogea, akasoma tarehe pale pembeni. Ya Ijumaa, na leo Jumatatu.

PICHA, mwenzangu! Ijumaa walikuja wageni, bosi hakutaka waone hata alama moja nyekundu, akamwagiza fundi apige picha ya skrini ikiwa kijani, aiache hiyo ukutani. Haikuondolewa. Nimelinda picha saa tatu nzima! Na kengele za tahadhari alizizima bosi mwenyewe, eti zinamsumbua kikaoni.

Unajua kasemaje? "Mtu makini angegundua." Mtu makini! Yeye!

Fundi huyo, akarudi zake mezani.

Nikaamriwa niandike barua ya kujieleza. Nimeandika kila kitu, nikampelekea.

Hata hakuifungua. Kasema, "Weka hapo. Na ile picha msiifute, kesho tuna wageni."