Nywila Moja, Nyumba Nzima

Jumatatu, 3 Machi
Leo nusura chai initoke puani! Shemeji, huyu mdogo wake mume wangu, fundi simu, katangaza mezani mbele ya mama mkwe: humu ndani kuna mtu anatafuta nyumba ya kupanga. Kajuaje? Eti intaneti yetu ina nywila moja, imebandikwa kwenye friji, na yeyote anayeijua akitaka ananasa mawasiliano ya wenzake. Yaliyomo ndani hasomi, ila majina ya kurasa anayaona, bila kujua ni simu ya nani.

Mtu mwenyewe ni mimi. Miaka mitano napika jikoni kwa mama mkwe — kila sufuria lazima aonje, kila siku chumvi haijakolea. Nampenda. Nitampenda zaidi nikiwa mtaa wa pili. Lakini akijua kabla hatujapata nyumba, mume wangu atalegea. Namjua. Mama akilia kidogo tu, kwisha habari!

Jumanne, 4 Machi
Mama kamshuku mpangaji wa chumba cha uani, mwalimu wa watu. Ili asihame, kampelekea mapaja ya kuku. Yote mawili! Mimi nimeambulia shingo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemuuliza shemeji kijuujuu: mtu ajikinge vipi? Kasema kubadilisha nywila ni kazi bure kama wote mtapewa ileile. Dawa ni kila mtu awe na yake, hapo hata wa ndani mwako hawezi kukuchungulia. Halafu kacheka: kwani una siri, shemeji? Mimi? Thubutu!

Nikaenda kwa mama. Nikamnong'oneza kwamba hata kurasa anazoangalia yeye, mwanawe anaziona. Akanywea. Sijui huwa anaangalia nini, na sitaki kujua. Fundi wa kampuni ya intaneti kaitwa papo hapo.

Jumamosi, 8 Machi
Kila mtu na nywila yake! Shemeji kanuna, haambulii kitu. Nimejifungia chumbani, nimemwandikia mwenye nyumba moja ya vyumba viwili niliyoiona mtandaoni, tuhamie Aprili. Kajibu: njooni kesho jioni. Jamani, raha!

Jumapili, 9 Machi
Balaa. Mama kasahau ya kwake. "Mwanangu, nitajie hiyo namba yako ya siri, nimpigie dada yangu kwa video tuonane." Mkwe unamnyimaje? Nikamtajia ya uongo. Simu ikakataa. "Sema vizuri, herufi moja moja."

Na mimi, kwa akili zangu fupi, niliweka jikolanguaprili.

Mume wangu kajifungia bafuni, kafungulia maji yote. Nikaanza. J. I. K. O. Mama akatabasamu: "Jiko! Mpishi wangu huyo." L. A. N. G. U. Tabasamu likaisha. Nikasema ngoja nikachukue chaja, nikakimbilia chumbani. Naandika nimesimama.

Yuko mlangoni. Anagonga taratibu.

"Jiko langu — halafu?"