Uwanja Uko Durban, Yadi Iko Newcastle

Jumapili, 3 Machi 2013
Mazoezi ya mbwa tena. Teksi ya kwenda Bluff imetutoza viti viwili. Dereva anasema mbwa ni abiria. Nikamuuliza kama abiria huyu naye ataruhusiwa kukaa mbele. Hakucheka. Biskuti alikaa dirishani kama mbunge anayepita jimboni kwake.

Aliruka viunzi vyote. Aliingia kwenye bomba, akatoka, akapinda-pinda kati ya nguzo bila kusahau hata moja. Bembea, ule ubao unaopanda na kushuka, bado anaitilia shaka. Hapendi kitu kinachobadilika chini ya miguu yake. Mimi pia.

Wenzangu wote wanaamuru mbwa wao kwa Kiingereza. Uwanja mzima unapiga kelele zilezile, mbwa wa huyu anamtii yule. Biskuti hasikii mtu ila mimi. Ruka. Ingia. Panda. Tulia. Haya. Kiswahili pale ni kama namba ya siri ya benki. Ndiyo akaunti yangu pekee yenye kitu ndani.

Jumanne, 5 Machi
Meneja wa jengo amepita mlango kwa mlango. Wenye jengo ni wapya. Watapaka rangi, wataweka lifti, watapandisha kodi. Wanyama hawatakiwi tena, mwisho wa mwezi wawe wametoka. Mende hakuwataja. Panya pia hakuwataja. Nadhani hao wamesaini mkataba.

Mtaa wetu wote huu wa Point unakuwa hivi. Unalala kwenye jengo baya, unaamka kwenye jengo zuri, wewe tu ndiye mbaya uliyebaki.

Jumatano, 6 Machi
Aline amempigia kaka yake Deo, yuko Newcastle, mji mdogo wa bara, kule juu karibu na migodi. Kodi tunayolipa hapa kwa chumba kimoja na jiko la kugawana na Warundi wanne, Deo anapata nyumba na yadi, na chenji inabaki. Mke wangu analitamka neno yadi kama wengine wanavyotamka jina la mchumba wa zamani.

Anataka tuhame. Nimesema: na nywele je? Hapa Durban wanawake wanakaa saa sita kwenye kiti chake na wanalipa. Kule atasuka nusu ya bei, na mimi nitatengeneza simu kwa bei ya nyanya. Kodi inashuka, mkono unaoilipa nao unashuka.

Nilimwuliza Deo swali moja tu. Je, kule iko uwanja wa mbwa wa kuruka? Alicheka mpaka akakohoa.
"Shemeji, huku mbwa anakula, anabweka, analala. Anaruka nini tena?"

Jumamosi, 9 Machi
Mazoezi. Mvua kubwa ya ghafla. Watu wote walikimbilia chini ya paa, na mimi nikakimbia, nikapokea kahawa, nikaanza kupiga soga. Ndipo nikakumbuka nilimwambia Biskuti tulia pale mstari wa kuanzia. Nikageuka. Yupo. Amelala chini kwenye maji, masikio yamegandamana na kichwa, ananitazama. Hakusogea hata kucha. Nikasema haya, neno la kumfungulia, akaja kama risasi.

Wazungu walipiga makofi. Mimi niliona aibu. Mbwa wa namna hii unapaswa kumfikiria kabla ya kufungua mdomo.

Nilimrithi kwa bibi kizee mmoja wa Kizungu wa ghorofa ya chini. Nilimtengenezea simu mara tatu bure, na siku wanawe walipompeleka kwenye nyumba ya wazee, ambako mbwa haruhusiwi, akanipa kamba, bakuli na Biskuti. Aliniambia usimwache akae bure, huyu asipofanya kazi anaharibika akili. Nilidhani ni maneno ya kizungu. Wiki ya kwanza alikula mlango.

Jumapili, 10 Machi
Kwenye mazoezi leo wamo wageni kutoka Johannesburg, wako likizo. Wana magari yenye feni ya mbwa. Ya mbwa, si ya watu. Mwanamke mmoja anasema anapenda Durban kwa sababu kila kitu ni rahisi.

Nimefikiria hilo njia nzima. Durban ni rahisi ukitoka Johannesburg, ghali ukitoka Newcastle. Ukitoka kwetu Uvira, kwenye vita, ni muujiza tu, huulizi bei.

Mama Furaha, anayeongoza kwaya ya parokia, amenikamata ngazini jioni. "Papa, Jumapili ngapi hatukuoni? Umemwacha Mungu kwa ajili ya imbwa?" Nikamwambia nakwenda misa ya Jumamosi. Ni uongo nusu. Nilikwenda moja.

Alhamisi, 14 Machi
Nimezunguka kutafuta chumba. Point hakuna. Karibu na Warwick iko kimoja, mwenye nyumba akasema mbwa sawa, ila mkubwa kuliko paka hapana. Glenwood mama mmoja aliniuliza kwanza natoka nchi gani, halafu akasema mbwa hapana. Nadhani mbwa hakuwa tatizo.

Huko Bluff wanapokaa wenye mbwa, kila nyumba ina yadi. Kodi ya nyumba moja ya pale ni sisi na Warundi wote wanne tukiacha kula.

Jumapili, 17 Machi
Mister Naidoo ameniita pembeni. Ni mstaafu wa bandarini, ana nyumba hapo juu kidogo ya uwanja, ana yadi, ana mbwa jike mmoja mwepesi aitwaye Rani. Mwenzake wa kukimbia naye mashindano ya wawili-wawili amehamia Cape Town. Anatafuta jozi mpya.

Alisema hivi, nayaandika nisije nikayapamba baadaye: "Jumapili ijayo Biskuti akimaliza mzunguko bila kosa hata moja, analala kwangu na Rani. Chakula changu, kiingilio changu. Wewe njoo tu ukimbie naye. Akikosea, my friend, iko mama mmoja wa Amanzimtoti ananingoja. Sharp?"

Sharp.

Nimerudi kwa miguu mpaka kituo nikiimba. Biskuti alinitazama kwa wasiwasi.

Jumatatu, 18 Machi
Nimemwambia Aline. Aliendelea kuchambua nywele za bandia. Halafu akasema: kwa hiyo maisha yetu sasa yanategemea bembea. Nikasema si bembea tu, na bomba pia.

Hajacheka wiki nzima sasa. Amesema wanawake wenzake wana waume wanaokunywa, na angalau mlevi anaeleweka. Imenichoma. Na ni kweli. Mtu akiniuliza kwa nini mtu aliye mkimbizi kwa miaka kumi na mbili anatoa nauli yake kwa mbwa aruke fimbo, najua kitu kimoja tu. Kwa dakika moja pale uwanjani kuna kiumbe anayefanya sawasawa nilivyosema. Dukani hata simu hainitii.

Jumamosi, 23 Machi
Nimerudi kutoka dukani nikamkuta Aline bafuni, amepiga magoti, anamwogesha Biskuti kwa shampuu ya saluni. Ile ya wateja wazuri. Alikuwa anamsema kwa sauti ndogo: "Kesho usiniaibishe, unasikia? Nimeshawaambia watu."

Sikumwuliza watu gani.

Mbwa ananuka nazi. Nyumba nzima inanuka nazi.

Jumapili, 24 Machi
Nitaandika mara moja tu.

Zamu yetu ilikuwa ya tisa. Jua kali, nyasi kavu. Naidoo alisimama karibu na kamba, mikono nyuma. Nikamwambia Biskuti tulia, nikatembea mpaka kiunzi cha pili, nikageuka. Haya.

Sijawahi kumwona vile. Viunzi kama havipo. Nguzo kama maji. Bembea: akasimama juu yake, akaingoja ishuke, akashuka nayo kama bwana mkubwa. Naidoo alikuwa ameanza kutabasamu.

Hapo ndipo nikawasikia. Leo ni Jumapili ya Matawi. Misa imekwisha, Aline ameileta kwaya nzima kwa kombi. Watu kumi na kitu, sare zao, matawi ya mitende mkononi, wamejipanga kwenye kamba. Walikuwa wameshawatazama mbwa wanane. Walishajua mchezo. Wakaanza kusaidia.

"Ruka, Biskuti! Ruka!" Hiyo haikudhuru, alikuwa anaruka.

Halafu ile sehemu ya mtego. Kilima cha mbao, na chini yake bomba. Mbwa anakuja moja kwa moja, milango yote miwili iko mbele yake, na ni sauti tu inayomchagulia. Ilikuwa bomba. Nikasema ingia.

Mama Furaha amejaza kanisa lile kwa sauti yake miaka saba bila mikrofoni. "Panda! Panda, mtoto wangu, panda!"

Kwa mara ya kwanza pale uwanjani, Biskuti alisikia mtu mwingine akisema maneno yetu. Akanitazama nusu sekunde. Akapanda.

Mwamuzi akapiga filimbi. Kwaya ikadhani ndiyo ushindi. Vigelegele, matawi juu, mtu mmoja akaanzisha wimbo. Biskuti pale juu ya kilima alikuwa anatikisa mkia. Hajawahi kushangiliwa namna ile.

Mama Furaha akanikumbatia. "Papa, umeona? Nimemsaidia!" Nikasema asante, Mama. Niseme nini?

Aline peke yake ndiye aliyenitazama usoni. Akateremsha tawi lake.

Jumatatu, 25 Machi
Naidoo alinipa mkono jana, akasema eish. Ni mtu wa haki. Yule wa Amanzimtoti atakuja na mbwa wake.

Aline hakwenda kazini. Amelala anatazama ukuta. Nimemwambia si kosa lako. Ni kweli, na haisaidii.

Jumatano, 27 Machi
Deo atakuja Jumamosi na bakki, pikapu ya wazi, kuchukua magodoro Warwick. Atamchukua na Biskuti. Anamtaka kwa ulinzi. Hakuomba malipo, lakini aliniuliza kwa mbali kuhusu simu. Nimemtengenezea moja. Kioo kipya, betri ya zamani kidogo. Inashika chaji kama mimi ninavyoshika mfungo.

Jumamosi, 30 Machi
Amekwenda. Deo alimfunga nyuma, kati ya magodoro. Nilimpa Deo yale maneno: hili la kuruka, hili la kuja, hili la kungoja, hili la kumfungulia. Akaitikia sawa, sawa, kama mtu anayeelekezwa dawa ya mwingine.

Biskuti alitaka kuruka ashuke. Nikamwambia tulia. Akatulia. Bakki ikakata kona pale kwenye robot, taa za barabarani. Deo ndiye wa kumfungulia kwa haya, wakifika. Nimemkumbusha mara mbili.

Pasaka kesho. Aline amepika. Sina njaa.

Jumapili, 7 Aprili
Deo amepiga. Mbwa ameruka ukuta mara nne, majirani wanalalamika. Sasa amemfunga mnyororo. Ana yadi nzima na anatumia mita mbili. Huku alikuwa na chumba kimoja, lakini Jumapili alikuwa na uwanja.

Nilimwuliza kama anamwambia yale maneno. "Shemeji, niko na kazi, mimi."

Jumapili, 14 Aprili
Nimekwenda misa na Aline. Mama Furaha ameuliza habari za mtoto wake. Nikasema yuko mashambani, anapumzika.

Mchana nimempigia Deo. Alikuwa amemfungua, maana mnyororo ulimchubua shingo, na mbwa anazunguka yadi bila kusimama, mduara mmoja tu, mpaka nyasi zimekufa. Deo alisema anamtia kizunguzungu. Nikamwomba amwekee simu sikioni.

Nilisikia pumzi yake. Nikasema tulia.

Deo alirudi kwenye simu, sauti imebadilika. "Weye! Amelala chini palepale. Anatazama simu."

Nikasema mpe tena. Nilitaka nimwache apumzike kidogo, halafu nimfungulie. Nilisikia pumzi tena. Nikavuta yangu. Simu ikakatika.

Nimepiga. Haipatikani. Nimepiga mpaka Aline akaninyang'anya simu kwa upole, akaiweka mezani. Betri ile naijua. Ikizimika hivyo, haiwaki mpaka ikae kwenye chaji, na Deo Jumapili mchana huenda mpirani.

Redio imesoma hali ya hewa. Newcastle mvua.