Mkwe Wako wa Zahanati

Mama yangu,

Yoga noi, salamu nyingi. Huku Saudia mwili ni mzima, ila uchovu umeniingia mpaka kwa mifupa. Mvua imefika Moding? Na mgongo je? Barua hii nimempa msichana wa Bumala anayerudi nyumbani, maana simu yako husikilizwa na boma zima. Isome ukiwa peke yako.

Mdogo wangu Akiru ameniambia bado unatoka damu, na mambo ya mwezi yalikuacha zamani. Tena hutaki kupimwa mlango wa kizazi, kwa sababu anayepima pale zahanati ni mume wangu. Eti ulisema, "Heri nife kuliko mkwe anione." Mama, sikucheka. Najua ukimwona Baba Sharon njiani unaingia kwa mahindi ya watu mpaka apite. Tangu alete mahari hamjawahi kushikana mkono. Na hospitali ya Busia umesema ni mbali, hujui mtu huko.

Lakini nimechoka kuogopa. Kila asubuhi hapa namwosha mama ya boss. Namgeuza, namsafisha kila mahali, na yeye anafumba macho tu. Siku moja alilia kwa aibu. Nikamwambia, "Pole, mama," na hakuelewa. Mwili wa mama wa watu naujua wote, na wako sijui hata unauma wapi. Hiyo inaniuma sana.

Juzi nikampigia Baba Sharon, nikamweleza kwa kuzungukazunguka. Halafu akasema, "Mimi sijasikia kitu. Lakini Alhamisi niko Malaba, napima madereva presha kwa ile foleni ya malori. Sista mmoja wa Matayos atashika nafasi yangu. Na asubuhi nitapitia njia ya chini, nisikutane na mtu."

Basi enda Alhamisi, mama. Akiru akusindikize. Kama ni kitu kidogo, kitatibiwa kikiwa kidogo. Ukiniambia tena ni uzee, nitalia hapa kazini na hawa watu hawapendi machozi.

Nisalimie Akiru, na baba mdogo anayechunga ng'ombe zetu, na mama wa kanisa anayekuletea maziwa. Mkwe wako usimsalimie. Yeye hajasikia kitu.

Ni mimi Amoit, mtoto wako anayetaka kurudi akukute.