Chakula cha Mtu wa Wimbo

Dada Nekesa, pokea salamu zenye matope ya Kitale.

Nimechoka. Mvua haikatiki, vidole vimepasuka kwa kupiga nyuzi za litungu. Jana sokoni niliimba ule wimbo wangu wa kibiongo anayekula peke yake nyuma ya jikoni. Watu walicheka mpaka machozi. Mama mmoja muuza maharagwe hakucheka. Nilipomaliza akanipa bakuli limejaa maharagwe yaliyopikwa.

"Mpelekee huyo mtu wako."

"Mama, si ni wimbo tu?"

"Wewe mpelekee."

Nilikuwa na njaa, nikala. Lakini chakula kile hakikuwa changu. Kadi hii ikifika, mwite ndugu yetu Wafula kutoka huko nyuma ya jikoni, akae katikati yenu, umpakulie chakula. Mwambie kimetoka Kitale.

Nawawaza sana,
Kaka yako Simiyu