Gamu ya Fulana za Kwaya

Jumatatu, 3 Juni
Nimefungua duka. Vumbi la hapa mtaani Kashaulili limeshaingia kabla yangu. Wifi yangu Hawa, mke wa mdogo wangu Saidi, ameanza kupaka mashine ya darizi mafuta. Leo tunaanza fulana za kwaya ya Katumba. Msalaba na ngoma, kifuani. Kitambaa kinavutika kama mpira.
Ya kwanza imeharibika. Chini yake nilitandika gamu ya karatasi ya kuzuia kitambaa kisivutike, ile tunayoichana kwa mkono kazi ikiisha. Sindano imeitoboa mpaka ikaachia. Msalaba umejikunja, pembeni matundu. Hawa alisema tangu mwanzo kwamba karatasi haitashika. Nilimnyamazisha. Nina hasira na nafsi yangu.

Jumanne, 4 Juni
Hawa ana shavu jeusi. Anasema kaanguka bafuni. Sikuuliza zaidi. Mwoga mimi.
Tumeweka karatasi mara mbili, moja juu ya nyingine. Fulana imekuwa ngumu kama bati na bado imechanika. Mwalimu wa kwaya kapita kuona kazi. Akatutania, Hawa akacheka. Saidi alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara. Nilimwona. Hakuvuka.

Alhamisi, 6 Juni
Jana Hawa hakuja kazini. Leo nimemfuata kwake. Kufuli nje, yeye ndani. Nimeazima nyundo kwa jirani nikavunja kufuli.
Kapigwa mkanda, upande wa chuma. Mgongo umepasuka. Midomo imevimba, hata maji anameza kwa shida. Eti kwa nini anamchekea mwalimu wa kwaya. Nimemleta kwangu.
Huyu Saidi nimembeba mgongoni. Nimemlisha uji. Leo namchukia.

Ijumaa, 7 Juni
Asubuhi nilimwambia Hawa apumzike. Akakataa, akaja nami dukani. Karibu na stendi nimepata gamu ya kitambaa. Hii haichaniki. Unakata pembeni kwa mkasi, inayobaki inakaa ndani ya nguo siku zote. Hawa akaigandisha nyuma ya fulana kwa pasi, taratibu, bila kuvuta. Mashine ikashona. Msalaba ukalala sawasawa. Tukafurahi kama watoto. Akaweka fulana ya pili, mimi nikashika pasi niandae ya tatu.
Saidi akaingia.
"Toka hapo. Nyumbani."
"Siendi," Hawa akasema.
Akamkamata nywele, akambamiza uso kwenye mashine. Ilikuwa inakimbia. Sindano ikazama kiganjani mwa Hawa, aliyekuwa bado ameshika fulana. Saidi akamvuta wakati mkono bado umenasa, sindano ikavunjikia humo humo. Hawa alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Damu ukutani, damu kwenye fulana.
Nilimpiga Saidi kwa ile pasi. Mkononi. Ya moto. Mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Akaanguka. Nikampiga tena begani. Ya tatu nililenga kichwa. Wanaume wa duka la jirani wakanidaka.
Nilitaka afe. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 9 Juni
Polisi wametoa fomu za matibabu: PF3 ya Hawa, PF3 ya Saidi. Hospitali wametoa kipande cha sindano. Saidi kafungwa plasta, yuko mahabusu. Nami nililala ndani, nimetoka kwa dhamana jana.
Leo mama kaja kutoka Kasekese. Hakukaa.
"Umemvunja mkono ndugu yako kwa ajili ya mtoto wa watu."
"Angemuua, mama."
"Nenda kituoni ukawaambie ulikosea. Mambo yaishe nyumbani."
"Siendi."
Akanizaba kibao. Mtu mzima mimi, mbele ya Hawa. Sikujikinga. Akaondoka bila kuaga. Shavu limepoa. Moyo bado.

Jumanne, 11 Juni
Nimeandikisha maelezo. Ya mkanda, ya kufuli, ya mashine. Na ya pasi pia, hadi pigo ambalo halikufika. Askari wa dawati la jinsia aliniuliza kama nina uhakika. Ndugu yangu anaweza kufungwa. Nami naweza kushitakiwa.
"Andika," nikamwambia.
Nikatia sahihi.

Ijumaa, 14 Juni
Tumerudi dukani. Sindano mpya. Mwalimu wa kwaya katuma ujumbe, tusiharakishe. Mimi nashona. Hawa anakata gamu kwa mkono mzima, namshikia kitambaa kisicheze. Kazi inatoka polepole, inatoka safi.
Nampigia mama, simu inaita tu, hapokei.
Hawa kaniuliza, bila kuinua macho: "Wifi, nikiachana naye, nitakuwa nakuitaje?"
Nimebadilisha uzi, nimeendelea kushona.
Mchana alitaka mkasi. Ameniita dada. Nikampa.