Kuni Mpya za Kinu Chetu

Mama yangu, mfinyanzi wa Matema,

Kinu chetu kimewashwa tena, na mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia simu ni wewe. Mkono ukafika mfukoni kabla sijakumbuka kwamba hupo tena.

Likizo yetu ya mwisho pamoja ulikuwa unafinyanga, nami nikikueleza kazi yangu huku ughaibuni: kinu kidogo cha nyuklia, si cha umeme, ni cha utafiti na dawa za hospitali. Wewe na maswali yako! Hukuuliza habari za mshahara. Uliuliza, "Kuni zake ni nini?"

Nikasema ni urani, iliyorutubishwa sana, yaani iliyoongezwa ukali.

"Na mwizi akiiba?"

Nikajibu kwamba akipata ya kutosha anaweza kuunda bomu. Ukaacha chungu.

Asubuhi nikakuamkia, "Mugonile, mama?" Salamu hiyo huuliza kama umelala, na kila mtu huitikia kwamba amelala salama, hata aliyekesha na jino. Wewe ukasema, "Sijalala. Kwani hamwezi kutumia kuni dhaifu?"

Nikasema wataalamu wanajaribu. Hukuwangoja. Uliagiza pumba za mpunga kutoka Mwaya, ndizo kuni dhaifu zako, ukazitandaza juu ya vyungu kama ulivyozoea kutandaza nyasi za kuchomea, ukawasha. Tulipovigonga kwa kidole, vya katikati havikulia, vilikuwa vibichi. Tulicheka sana, lakini ukasema, "Basi na ninyi mtashindwa," na hukutania. Uliondoka duniani na wasiwasi huo, mama, na bado unaniuma.

Sasa sikiliza. Zile kuni kali zimetolewa kinuni na kusafirishwa chini ya ulinzi. Hizi mpya ni dhaifu, mwizi hawezi kuunda bomu kwa hizo. Ila ndani ya fimbo zinazobeba kuni hizo, zenye unene uleule wa zamani, wameshindilia urani nyingi zaidi. Siku ya kuwasha nilisimama mbele ya mitambo nikiviona vyungu vyako vibichi. Mshale wa kipimo ukapanda, ukapanda, ukatulia. Moto umekaa, mama!

Tangu hapo najiuliza: zile pumba tungezishindilia badala ya kuzitandaza, ingekuwaje? Nikija likizo nitajaribu. Chungu kikilia vizuri, nitakileta kaburini kwako.

Mugonile, mama? Safari hii niitikie kama wengine.

Kitindamimba wako